Mtu wa Nyumbani Akipotea: Usisubiri, Usifiche, Piga Simu



Katika jumuiya yetu hapa Sydney, habari ya mtu kupotea huzunguka kwanza kwenye simu za ndugu kabla ya kufika polisi. Mama aliye Mount Druitt humpigia dada yake Auburn, dada humpigia shangazi Liverpool, shangazi humpigia mchungaji au imamu, na saa zinapita. Wengine husubiri kwa sababu wamesikia ni lazima zipite saa 24. Wengine huona aibu majirani kujua kwamba kijana wao ametoroka. Na wengine, hasa waliopitia vita na kambi, hawapendi kabisa kukaribia kituo cha polisi, kwa kuwa polisi waliowajua huko nyuma hawakuwa watu wa kukimbilia.

Hofu hizo zinaeleweka. Lakini saa za mwanzo ndizo zenye thamani kubwa kuliko zote katika kumtafuta mtu. Makala hii inaeleza nani anahesabiwa kuwa amepotea, upige simu wapi, uulizwe nini, na ufanye nini mtoto anapotoroka au anapochukuliwa. Tafadhali isome sasa, wakati nyumba imetulia, na mweleze mwenzako.

NANI ANAHESABIWA KUWA AMEPOTEA?

Kwa polisi wa Australia, mtu aliyepotea ni yeyote aliyeripotiwa kwao, ambaye hajulikani alipo, na kuna wasiwasi juu ya usalama au hali yake. Huhitaji ushahidi kwamba ametekwa au ameumia. Wasiwasi wenye sababu unatosha.

Kila mwaka katika miaka ya karibuni polisi wa Australia wamepokea taarifa zaidi ya 50,000 za watu waliopotea. Habari njema ni kwamba karibu wote hupatikana, na wengi hupatikana ndani ya siku chache. Wanaopita miezi mitatu bila kuonekana huitwa waliopotea kwa muda mrefu, na hao ni takriban 2,500 nchi nzima. Makundi yanayohitaji uangalifu zaidi ni vijana wa miaka 13 hadi 17, watu wenye maradhi ya akili, na wazee wenye ugonjwa wa kusahau.

JE, NI LAZIMA KUSUBIRI SAA 24?

Hapana. Hakuna sheria kama hiyo hapa. Kama mtoto wa miaka 8 hajafika nyumbani saa moja baada ya muda wake wa kawaida na shuleni hayupo, piga simu. Kama baba mzee ametoka na kandambili usiku wa baridi, piga simu. Akirudi mwenyewe baada ya dakika kumi, utawaarifu polisi kwamba amepatikana, na hakuna atakayekugombeza.

Pia si lazima uwe mzazi au mume au mke. Rafiki, jirani, mwalimu au mtu anayeishi naye nyumba moja anaweza kutoa taarifa. Na kama mtu huyo ana matatizo ya viza, bado toa taarifa. Kazi inayohitajika hapo ni kumpata akiwa hai.

NIPIGE SIMU WAPI?

- Kama kuna hatari ya haraka, piga 000. Hatari ya haraka ni kama: mtoto mdogo ametoweka, mtu amechukuliwa kwa nguvu, amesema atajiua, au anahitaji dawa kila siku na hana.
- Kama si dharura, nenda kituo chochote cha polisi kilicho karibu au piga 131 444, usiku na mchana.
- Kama Kiingereza kinakupa shida, ukipiga 000 sema "Police", kisha sema "Swahili", na usikate simu. Mkalimani ataunganishwa. Kwa simu nyingine, piga kwanza huduma ya ukalimani ya TIS, 131 450, uwaombe wakuunganishe na polisi.
- Kituoni sema maneno haya mawili: "missing person". Una haki ya kuomba mkalimani. Usimtumie mtoto wako mwingine kukalimani mambo mazito kama haya.

Kabla hujaondoka, omba namba ya tukio na jina la afisa anayeshughulikia. Ziandike. Kila utakapopiga tena, namba hiyo ndiyo itakayofungua faili lako. Ukiona taarifa yako haikupokelewa, omba kuzungumza na mkuu wa zamu.

POLISI WATANIULIZA NINI?

Usishangae maswali yakiwa mengi na mengine ya ndani ya nyumba. Jiandae na haya:

- Jina kamili, pamoja na majina ya utani na jinsi jina linavyoandikwa kwenye viza au pasipoti. Wengi wetu tuna majina yaliyoandikwa kwa namna mbili tatu, na mtu mmoja anaweza kuonekana kama watu wawili kwenye kompyuta.
- Picha ya karibuni inayoonyesha uso vizuri. Picha ya harusi ya miaka mitano iliyopita haisaidii sana.
- Urefu, umbo, nywele au misuko aliyo nayo wiki hii, makovu, miwani, na nguo alizovaa.
- Mara ya mwisho kuonekana: wapi, saa ngapi, na nani.
- Namba ya simu yake, kadi ya benki, kadi ya Opal ya treni na basi, gari na namba yake.
- Marafiki, kazi, shule, kanisa au msikiti, na kurasa zake za mitandao.
- Dawa anazotumia, daktari wake, na kama amewahi kujaribu kujidhuru.
- Kama kumekuwa na ugomvi, talaka, deni, au mtu anayemtisha.

Swali hili la mwisho ndilo wengi hulificha. Mzazi husema "hakuna tatizo lolote nyumbani" kumbe juzi kulikuwa na ugomvi mkubwa. Polisi wakikosa habari hiyo, watatafuta mahali pasipostahili. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Waeleze kama ilivyo.

MNAPONGOJA

Mtu mmoja abaki nyumbani, huenda akarudi. Kama ni mtoto mdogo, tafuteni kwanza ndani: kabatini, chini ya vitanda, ndani ya gari, uani, na penye maji, kama bwawa la kuogelea la jirani. Lakini msiache kupiga simu ati kwa sababu bado mnatafuta. Msifue nguo zake wala kusafisha chumba chake, kwani huenda polisi wakahitaji kukiangalia.

Mkitaka kutangaza kwenye WhatsApp au Facebook, waulizeni polisi kwanza. Wekeni namba ya Crime Stoppers, 1800 333 000, badala ya namba zenu binafsi. Kuna matapeli wanaosoma matangazo hayo na kupiga simu wakidai wanaye mtu wenu na wanataka pesa. Mwaka 2020 polisi wa New South Wales walitoa onyo kuhusu matapeli waliowalaghai wanafunzi wa kigeni wajifanye wametekwa, ili familia zao ng'ambo zitume fedha. Simu ya namna hiyo ikija, msitume kitu. Waarifuni polisi mara moja.

KIJANA ALIYETOROKA NYUMBANI

Hili ndilo linalozipata familia zetu zaidi, na ndilo linalofichwa zaidi. Kijana hatoroki bila sababu. Kuna anayekimbia kipigo, anayeonewa shuleni, aliyefeli na anaogopa kusema, aliye mjamzito, au aliyevutwa na mtu mzima aliyemjua kwenye simu. Kuna pia msichana aliyesikia anapangiwa ndoa.

Dalili za kuangalia kabla hajaondoka:

- kukosa shule bila maelezo, na kutotaka kula na wenzake mezani;
- nguo, chaja, hati au fedha zinazotoweka kidogo kidogo;
- simu mpya au pesa ambazo hujui zimetoka wapi;
- rafiki mpya mwenye umri mkubwa ambaye hataki mkutane naye;
- maneno kama "siku moja mtanikosa".

Ukiona haya, zungumza naye mapema na kwa utulivu. Neno moja linalowafukuza vijana wetu nyumbani ni hili: "Nitakurudisha Afrika." Mzazi hulisema kwa hasira na kusahau asubuhi. Kijana halisahau. Analiwaza usiku, na siku akisikia umekata tiketi ya kumsalimia bibi, anadhani siku yake imefika.

Akishaondoka, ripoti polisi hata kama unadhani yuko kwa rafiki yake. Kuondoka nyumbani si kosa la jinai, na hatafunguliwa mashtaka kwa kupotea. Sheria za New South Wales hazitaji umri kamili ambao kijana anaruhusiwa kuondoka kwao. Polisi wataangalia kama mahali alipo ni salama kwake.

Mtumie ujumbe mfupi wa upole, kwa mfano: "Nakupenda. Nataka tu kujua uko salama. Tutaongea ukiwa tayari." Usitume vitisho, wala usiwape wajomba kumi namba yake wampigie kwa zamu. Mkumbushe kwamba Kids Helpline, 1800 55 1800, ni bure na huzungumza na watoto na vijana wa miaka 5 hadi 25 usiku na mchana. Kijana asiye na pa kulala anaweza kupiga Link2Home, 1800 152 152.

Wazazi wengi huuliza: "Nikiripoti, serikali itachukua watoto wangu?" Jibu la kweli ni kwamba kijana akieleza kuwa anapigwa au anaumizwa, polisi watalazimika kuliangalia jambo hilo, na idara ya ulinzi wa watoto inaweza kuhusishwa. Lakini kijana aliye mitaani usiku yuko katika hatari kubwa kuliko maswali ya ofisa. Na mzazi aliyenyamaza siku tatu atakuwa na kazi ngumu zaidi ya kujieleza kuliko aliyepiga simu usiku ule ule.

Neno kwa wenye nyumba: kijana wa mwenzako akija kulala kwako, mpe chakula na mahali pa kulala, lakini usimfiche. Wajulishe wazazi au polisi kwamba yuko salama. Kama anaogopa kurudi kwao kwa sababu anaumizwa, piga simu ya ulinzi wa watoto, 132 111, ueleze.

Kumpeleka mtoto nje ya nchi ili aozwe ni kosa kubwa kwa sheria za Australia. Ndoa ya kulazimishwa ilifanywa kosa la jinai mwaka 2013. Msichana mwenye hofu hiyo anaweza kupiga simu kwa Polisi wa Shirikisho, 131 237. Akiwa tayari yuko uwanja wa ndege, anaweza kumweleza ofisa yeyote pale.

MTOTO ALIYECHUKULIWA NA MZAZI MWENZAKO

Wazazi wakitengana, mmoja anaweza kumchukua mtoto "kwa likizo" na asimrudishe. Wengine huona si utekaji kwa kuwa ni baba au mama yake. Mahakama haioni hivyo. Kama kuna amri ya mahakama kuhusu malezi, au kesi inaendelea, kumtoa mtoto Australia bila ruhusa ya mahakama au idhini ya maandishi ya wahusika ni kosa la jinai linaloweza kuleta kifungo cha hadi miaka 3.

Jambo la kujua kwa sisi wa Afrika Mashariki ni hili. Kuna Mkataba wa Hague wa mwaka 1980 unaosaidia kurudisha watoto waliopelekwa nchi nyingine, na Australia imo tangu 1987. Lakini hadi mwaka 2024 Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo hazikuwa zimejiunga. Maana yake ni kwamba mtoto akishatua Nairobi au Dar es Salaam, kumrudisha kunaweza kuhitaji kesi katika mahakama za huko, kwa gharama na muda mrefu. Kwa hiyo zuia kabla ndege haijaondoka.

Unafanyaje?

1. Muone mwanasheria haraka. Ushauri wa bure unapatikana Legal Aid NSW, simu 1300 888 529.
2. Omba amri katika Mahakama ya Familia. Kukiwa na haraka, mahakama ina utaratibu wa dharura hata nje ya saa za kazi.
3. Ukishawasilisha ombi mahakamani, peleka nakala na fomu kwa Polisi wa Shirikisho ili jina la mtoto liingizwe kwenye orodha iitwayo Family Law Watchlist. Mtoto aliye kwenye orodha hiyo husimamishwa kwenye viwanja vya ndege na bandari za Australia, hata akiwa na pasipoti ya nchi nyingine.
4. Ficha vizuri pasipoti ya mtoto. Kumbuka kwamba pasipoti ya Australia ya mtoto kwa kawaida huhitaji idhini ya wazazi wote wawili, lakini pasipoti ya nchi yenu ya asili hufuata sheria za huko. Waandikie ubalozi wake ukiwa na wasiwasi.
5. Kama wako njiani kwenda uwanja wa ndege sasa hivi, piga 000.

Jambo moja zaidi: kama mzazi mwenzako amekimbia na watoto kwa sababu ya kupigwa, usitumie jumuiya kumsaka. Na wewe msomaji ukiombwa "msaidie ndugu amtafute mkewe", mwambie aende polisi. Polisi wataangalia kama wako salama bila kumwambia mtu walipo.

MTOTO AKITEKWA NA MTU BAKI

Hili ni nadra, lakini hutokea. Mwezi Oktoba 2021 binti wa miaka 4 alichukuliwa usiku kutoka kwenye hema la wazazi wake huko Australia Magharibi. Polisi walimpata hai baada ya siku 18, ndani ya nyumba iliyofungwa. Katika hali kama hiyo piga 000 papo hapo. Polisi wakiona mtoto aliye chini ya miaka 18 yuko katika hatari kubwa, wanaweza kutoa tangazo la Amber Alert kwenye redio, televisheni na simu. Ukilipokea, soma maelezo ya mtoto na gari, usilipuuze.

WAZEE NA WAGONJWA

Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau anaweza kutoka akitafuta nyumba aliyoishi miaka 40 iliyopita kule Kigoma au Bukavu. Mwekee bangili yenye jina na namba ya simu. Wajulishe majirani na dereva wa basi wa mtaa. Akipotea, waambie polisi anazungumza lugha gani, kwa maana wengi wakizeeka Kiingereza hupotea kwanza.

Mtoto mwenye usonji naye huenda asiitike akiitwa. Septemba 2021 mtoto wa miaka 3 mwenye usonji, asiyezungumza, alipotea kwenye shamba la familia huko Putty, kaskazini-magharibi mwa Sydney. Mamia ya watu walimtafuta. Siku ya nne helikopta ya polisi ilimwona ameketi kwenye kijito akinywa maji, chini ya mita 500 kutoka nyumbani. Kwa hiyo waeleze watafutaji anachokipenda na anachokiogopa, na tafuteni kwanza penye maji.

AKIPATIKANA

Waarifu polisi hata kama amerudi mwenyewe. Futa matangazo yote mtandaoni, ili picha yake isimfuate anapotafuta kazi au shule. Mtu mzima ana haki ya kuishi anakotaka. Polisi wakimpata na hataki mjue alipo, watakuambia tu kwamba yu salama. Inauma, lakini ni habari njema. Akirudi kijana, mpe chakula na usingizi kwanza. Mahojiano yasubiri.

ASIPOPATIKANA: AFYA YAKO WEWE

Kufiwa kuna utaratibu wake: tunazika, tunakaa matanga, tunahesabu arobaini. Aliyepotea hana kaburi. Huwezi kulia ukamaliza, na huwezi kufurahi bila kujilaumu. Mtaalamu wa Marekani Pauline Boss ameliandikia sana jambo hili, na anaeleza kwamba ni aina ya msiba isiyo na mwisho ulio wazi. Kukosa usingizi, kusikia mlango unagongwa, kugombana nyumbani, kuumwa kichwa na tumbo: hayo si wazimu. Muone daktari wako, na umwambie sababu.

Ndugu na marafiki, msimwambie "sahau, songa mbele". Msimletee ndoto na utabiri. Mpikieni, mpelekeeni watoto shule, na mlitaje jina la aliyepotea bila woga.

New South Wales ina huduma ya bure ya ushauri kwa familia za waliopotea, Families and Friends of Missing Persons, inayopatikana kupitia Victims Services, 1800 633 063. Wakimbizi wanaweza pia kwenda STARTTS, shirika linalowahudumia waliopitia mateso na vita tangu 1988.

NDUGU WALIOPOTEA KULE NYUMBANI

Kama mlitengana na mtu wakati wa vita au kambini, Shirika la Msalaba Mwekundu la Australia lina huduma ya bure ya kuwatafuta jamaa nchi za nje. Kama ndugu yako raia wa Australia amepotea akiwa safarini, ripoti kituo cha polisi cha hapa, na piga simu kwa huduma ya dharura ya kibalozi, 1300 555 135. Mtoto akipotea Kenya, Tanzania au Uganda, jamaa walioko huko waende polisi na wapige 116, simu ya watoto ya nchi hizo.

NAMBA ZA KUBANDIKA JIKONI

- Dharura: 000
- Polisi, isiyo dharura: 131 444
- Crime Stoppers, ukimwona anayetafutwa: 1800 333 000
- Mkalimani TIS: 131 450
- Polisi wa Shirikisho: 131 237
- Ulinzi wa watoto: 132 111
- Kids Helpline: 1800 55 1800
- Lifeline, ukiwa na mawazo ya kujiua: 13 11 14
- Ushauri wa afya ya akili NSW: 1800 011 511

Leo hii fanya mambo matatu. Piga picha mpya ya kila mtu wa nyumbani. Andika namba za simu za marafiki wawili wa kila mtoto. Na mwambie kijana wako kwamba hata akikosea namna gani, ukipigiwa simu saa nane usiku utakwenda kumchukua bila maswali njiani.